Kikapu cha Watasema

Bupe alinipigia simu nikiwa dukani napima mchele. "Shangazi," akasema, "Bibi ametutoka alfajiri ya leo." Nikaendelea kupima mpaka mzani ukatulia, nikamfungia mteja mchele wake, nikamrudishia chenji, nikamtakia siku njema. Alipovuka barabara ndipo nilipokaa juu ya gunia nikalia. Ndivyo nilivyo mimi. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba machozi yangu hupanga foleni kama watu wa zamani mbele ya duka la kaya. Siku ile hayakupanga foleni muda mrefu. Bibi yake Bupe, ambaye mimi sikuwahi kumwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Lusajo, hakuwa ndugu yangu wa damu. Hatukuwa dini moja. Nilikaa nyumbani kwake Ikuti mwaka mmoja tu, kutoka mavuno hadi mavuno, nikiwa msichana wa miaka ishirini niliyedhani najua kila kitu. Lakini ukiniuliza leo ni nani alinilea, nitakutajia mama yangu mzazi, halafu nitakutajia yeye, halafu, ukiwa mtu wa kuvumilia upuuzi wa wazee, nitakutajia mbwa wake.

Zilikuwa zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Anayekumbuka miaka iliyotangulia atanielewa, anayezaliwa leo tutamchosha bure. Sukari ilikuwa imerudi, sabuni imerudi, mitumba ilikuwa inamwagwa chini kwenye turubai sokoni Tukuyu na watu wanaichambua kwa miguu na mikono. Kaka yangu Sadiki, aliyekuwa na duka mjini, aliona mbali kuliko wengi. Alisema vijijini watu wana mahindi, wana ndizi, wana chai, ila hawana pa kununulia chumvi bila kutembea nusu siku. Akapanga vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya mjane mmoja kule Ikuti, kimoja duka, kimoja cha kulala, akanipeleka na cherehani yangu, magunia ya chumvi, katoni za sabuni na debe la mafuta ya taa. "Usikopeshe ovyo," aliniambia, "na usisahau swala." Kisha akaondoka na mvua ikaanza. Pale kwetu mvua haingoji msimu wake, hata miezi ya baridi hunyesha tu ilimradi.

Chumba changu kilikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Upande wa pili kulikuwa na jiko la Mama Lusajo, na kila kilichosemwa jikoni kiliruka ukuta kikaanguka kitandani kwangu. Moshi ulikuja hivyo hivyo, pamoja na harufu ya ndizi zikichemka na maharage, chakula ambacho sisi Wanyakyusa tunakiita mbalaga na ambacho mpaka leo nikikinusa naisikia na sauti yake. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wazima wa kule: herufi z ilimshinda, kila penye z yeye aliweka s. Kazi ilikuwa kasi, mazishi yalikuwa masishi. Nilicheka siku za kwanza, peke yangu, mdomo nikiufunika kwa kanga. Yeye naye, niligundua baadaye, alicheka Kinyakyusa changu cha mjini, na hakufunika mdomo.

Mbwa nilimkuta mlangoni siku ileile ya kwanza. Alikuwa jike wa rangi ya udongo mkavu, sikio moja limechanwa, mbavu zinaonekana. Alisimama akanitazama kama karani anayesubiri ueleze shida yako. Nikakusanya pindo la gauni, nikarudi nyuma. Mama Lusajo aliniona, akaiona kanga yangu ya kichwani, akaelewa bila kuuliza sana. "Wewe ni wa msikitini," alisema. Nikasema ndiyo, mama. "Basi hatakugusa." Akamwambia mbwa maneno mawili matatu ya Kinyakyusa, na tangu siku hiyo mnyama yule akawa anazunguka nyuma ya jiko kuingia uani, hata mvua ikinyesha, asipite mbele ya mlango wangu. Siku ya soko mama akaniletea chungu kipya na mwiko mpya. Alisema vyombo vyake vimekwisha kupikiwa nguruwe pori, na hakutaka nile kwa mashaka.

Hapa inanibidi niseme jambo, kwa sababu watu hulikosea. Wengi hudhani Mwislamu anamchukia mbwa. Maalimu wetu pale Tukuyu alitufundisha kwamba mbwa wa kulinda shamba au mifugo hana ubaya wowote kufugwa, na kumnyima chakula ni dhambi kama kumnyima kiumbe mwingine. Ila mate yake ni najisi, na akikugusa kwa unyevu unanawa mara saba, mojawapo kwa udongo. Huo ni mpaka tu, na mpaka hauna chuki ndani yake. Mimi, kusema kweli, juu ya mpaka niliongeza woga wangu mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Watasema. Mume wa Mama Lusajo alipofariki, ndugu walitaka ahame shamba lile la juu kabisa, lililopakana na msitu, kwa kuwa Lusajo alikuwa ameshahamia mjini, na mwanamke peke yake hawezi kukaa karibu na nguruwe pori. Alikataa. Maneno yakawa mengi: anajiona dume, ana dawa, ana bwana msituni. Mbwa wake alipozaa, akachagua jike mmoja akampa jina hilo, na kila jioni akawa anamwita kwa sauti kutoka mlangoni, kijiji kizima kisikie. Alikuwa na mwingine pia, dume mzee aliyeitwa Polisi. Hao wawili ndio waliolinda mteremko mzima. Nguruwe wakishuka kutoka msituni lazima wapite kwanza shamba la Mama Lusajo, na hapo walikutana na mbwa. Wenye mashamba ya chini hawakuhitaji kufuga. Walilala usingizi wao.

Lakini kulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ndio uliofanya mambo yaende. Wakati wa mavuno, kabla mtu hajapandisha mahindi yake darini, kila nyumba ya mteremko ule ilimletea Mama Lusajo kikapu kimoja cha mahindi. Waliita kikapu cha mbwa. Mwenye nyumba analeta mwenyewe, anakiweka chini mlangoni, hasemi kitu. Mama Lusajo anatoka, anakitazama, anasema, "Mbwa amesikia." Basi, yamekwisha. Kutoka kwenye vikapu hivyo mbwa walipikiwa ugali wa pumba mwaka mzima, ukichanganywa na mifupa au dagaa. Na nguruwe akiuawa, kabla nyama haijagawanywa, fungu la kwanza hukatiwa mbwa hapohapo chini, damu ikiwa bado ya moto, na hakuna mtu anayelamba kidole kabla mbwa hajamaliza. Nilisimuliwa hayo kwa fahari. Kwa macho yangu, mwaka ule, niliona mlango usio na kikapu.

Malori yalikuwa yamefika. Vijana kutoka Mbeya walikuja na mizani yao wakasimama njia panda, wakanunua mahindi yakiwa bado yana joto la shamba. Zamani mahindi yalikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja, na mengi yalibaki nyumbani. Sasa kila gunia lilikuwa bati, lilikuwa redio, lilikuwa ada ya mtoto. Sikuwalaumu, maana fedha ile iliishia dukani kwangu, na mimi nilikuwa nauza redio mbili kwa mwezi. Ila nilikuwa naishi kwa Mama Lusajo, na niliona akifagia mlangoni asubuhi, akifagia tena mchana, mahali palipokuwa safi tayari. Hakuja mtu. Siku moja nikasikia kupitia ukuta sauti ya Mzee Ambokile, jirani wa shamba linalofuata kwa chini, mzee wa kanisa, mtu wa heshima na koti lake. Mama alikuwa amemkaribisha maziwa mgando.

"Mama Lusajo," alisema, "nyakati simebadilika. Siku hisi kila kitu kina bei."

"Nimeona, baba."

"Mbwa hana mkataba na mtu. Mbwa anabweka kwa sababu ni mbwa. Chakula chake ni panya."

Nilisikia kata ikigonga kibuyu. "Ongesa maziwa, baba," akasema Mama Lusajo. Alimwongezea, akamsindikiza mpaka mgombani kama desturi inavyotaka, akarudi. Halafu nikamsikia akimwambia mbwa, kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili: "Umesikia? Panya."

Polisi alikufa miezi michache baadaye, wakati wa kupanda. Alikuwa mzee, ndiyo, lakini alikufa amekonda kuliko uzee wake. Mama alimzika mwenyewe chini ya migomba, akamfunika kwa majani makavu, na siku hiyo hakupika. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikishona suruali ya mtu huku nikijifanya sioni. Nilijua desturi za kumpa mtu pole. Za kumpa mtu pole kwa mbwa nilikuwa sijafundishwa. Jioni nikapika ndizi kwenye chungu changu, nikampelekea. Akanishukuru kwa lugha yetu, "Ndaga, mwanangu," akala kidogo, na nilipogeuka nikamwona akiisukuma nusu iliyobaki kwenye gome la mgomba na kuipeleka uani. Tangu hapo nikaanza kuangalia. Kila siku sahani yake ilikuwa na sehemu mbili. Mwanamke yule alikuwa anakonda pamoja na mbwa wake.

Nilitaka kusaidia. Nilikuwa na dagaa, nilikuwa na pumba nilizolipwa na wateja wasio na fedha. Nikafunga kifurushi nikampa. Akakishika, akakinusa, akanirudishia taratibu kwa mikono miwili. "Wewe huna shamba hapa," alisema. "Nikipokea kwako, wenye shamba watasema kumbe amekula. Itakuwa imekwisha. Acha wadaiwe." Nilikasirika. Niliona ni kiburi cha bure. Leo nina umri zaidi ya aliokuwa nao yeye wakati ule, na ninadhani nimemwelewa: kwake kikapu kile hakikuwa chakula tu. Alitaka kijiji kiseme kwa mikono yake kwamba kazi ya mnyama ni kazi. Mimi ningeweza kumshibisha Watasema, lakini nisingeweza kumpa hilo.

Mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe wakaanza kushuka, na Mama Lusajo akafanya jambo ambalo hakuna aliyetegemea. Akamfunga Watasema kamba. Dukani wanawake walisimama mbele ya meza yangu wakinunua chumvi na kunong'ona kwa sauti ya kusikika: amefunga mbwa ili tukome, roho mbaya hiyo, mjane ana kisirani. Nilinyamaza, maana mwenye duka hana upande. Siku moja uvumilivu ukaniishia. "Mbwa hana nguvu," niliwaambia. "Mnataka amtume kwa nguruwe akafe?" Wakanitazama kama nimevua kanga mbele yao. Lakini ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Mbwa mmoja, mwenye njaa, bila mwenzake, mbele ya nguruwe dume ni nyama. Mama alimfunga kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alikuwa amechoka, na ndiyo, labda kidogo pia ili wakome. Sikumwuliza na hakuniambia.

Kazi aliyozoea Watasema haikujua habari za kamba. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, alikuwa anasikia nguruwe huko chini tukiwa sisi hatusikii chochote, na alilia. Hakubweka, alilia, sauti nyembamba isiyokatika. Mama alitoka akachutama karibu naye, akamshika shingo. Mimi nilikuwa natandika mswala wangu ndani nikisikia ile sauti, na nakiri ilikuwa inaniingia katikati ya swala. Nilimwomba Mungu amfungulie. Sikufafanua nani amfungulie wala kwa namna gani.

Asubuhi moja, nikiwasha jiko la mkaa ili nipate chai, nilisikia kamba ikikatika. Nikatoka. Mama Lusajo alikuwa amesimama uani na kipande cha kamba mkononi, akitazama kwenye ukungu. Kutoka chini, shambani kwa Mzee Ambokile, tukasikia mbwa anabweka kama alivyofundishwa, mfululizo, akimzungusha mnyama asiondoke wala asile. Tukasikia mahindi yakivunjika. Tukasikia watu wakipiga kelele, milango ikifunguliwa, wanaume wakitoka na mikuki. Halafu yowe moja la mbwa. Mama akaanza kukimbia bila viatu. Mimi nilibaki pale, chai ikichemka nyuma yangu, nikisema tu Mungu wangu, Mungu wangu.

Alirudi amembeba kwenye kanga yake mwenyewe, kama mwanamke anavyobeba mtoto mgonjwa. Nyuma yake alikuja Mzee Ambokile, koti limelowa umande, hana la kufanya na mikono yake. Nguruwe alikuwa amemchana Watasema kutoka begani kushuka mbavuni. Nyama ilikuwa inaning'inia. Mahindi ya mzee yalikuwa yamesalimika, karibu yote. Akasimama mlangoni, mahali pale panapowekwa vikapu, akasema: "Ungemfunga visuri, mama." Akaondoka. Nilimchukia siku ile kwa moyo wote. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtu aliyeona aibu kubwa hutoa neno lolote lililo karibu.

Bwana mifugo alikuwa Tukuyu, na siku za dawa za bure zilikuwa zimekwisha pamoja na mengine. Mama akamlaza mbwa juu ya gunia, akachemsha maji ya chumvi, akaosha jeraha. Kisha akaleta sindano ya kushonea magunia na uzi. Alitaka kutunga uzi. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Akalamba uzi, akakosa. Akakosa tena. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini kwangu, mwenye cherehani, mwenye sindano nyembamba za kila namba, mwenye macho ya miaka ishirini. Hakunitazama. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo lililonivunja: hakugeuza hata shingo. Alijua dini yangu, na hakutaka kuiweka kwenye jaribu kwa ajili ya mnyama wake. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye gunia na yeye anaendelea kukosa tundu la sindano, kimya, akiheshimu mlango wangu.

Nikaingia ndani, nikachagua sindano, nikachemsha uzi wangu mweusi wa suruali. Nikakunja mikono ya gauni. "Mshike kichwa, mama," nilisema. Akaniangalia sasa. "Hadija," akasema, "mwanangu, huyu ana damu, na mdomo wake umetoka kwa nguruwe." Nikasema najua. Tukafunga mdomo wake kwa kipande cha kitenge. Nikapiga magoti uani, nikatia mkono wangu pale nilipokuwa nikipakimbia mwaka mzima. Alikuwa wa moto. Moyo wake ulikuwa unapiga chini ya vidole vyangu kwa kasi ya kutisha. Nikashona. Ngozi ya mbwa ni ngumu kuliko suruali, na inateleza, na kila nilipotoboa mwili mzima ulishtuka, lakini hakujaribu kunidhuru. Alikuwa ananiangalia kwa jicho moja, jicho lile la karani, na mara moja akalifumba. Nililia, makamasi yakanishuka, nisiweze kuyafuta kwa mikono ile. Mama Lusajo akanifuta kwa ncha ya kanga yake na kuendelea kushika kichwa.

Nilipofunga fundo la mwisho nilibaki nimenyoosha mikono mbele, sijui niiweke wapi. Mama akasimama. Akachukua jembe, akatoka. Nikamwona akipita njiani bila kuinama, akaingia migombani, akafukua chini ya jani lililooza, mahali ambapo udongo ni mweusi na haujakanyagwa. Akarudi nao kwenye jani bichi la mgomba, na mtungi wa maji. "Wa njiani umekanyagwa na watu na mbusi," alisema. "Huu ni safi." Nilikuwa sijawahi kumweleza habari ya udongo. Nilipomwuliza alijuaje, akasema mume wake alifanya kazi mjini kwa fundi mmoja wa msikitini, akaona, akamsimulia. Akanimiminia. Nikajipaka udongo mara moja, akamimina tena na tena, akihesabu kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini ili nisikosee. Uani palikuwa na mbwa anayehema, sufuria ya maji mekundu, na mwanamke Mkristo akinitwaharisha. Katika maisha yangu nimeingia misikiti mikubwa, nimefika mpaka Makka. Sijui kama niliwahi kujisikia safi zaidi ya pale.

Kaka Sadiki alikuja na mzigo wiki ile, na habari zilikuwa zimemfikia kabla hajashuka kwenye gari. Niliogopa atanirudisha nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha dukani, akanywa chai, akauliza kama nilinawa. Nikasema nilinawa. Saba? Saba. Kwa udongo? Kwa udongo. "Basi," akasema. Akapiga funda jingine. "Mjini watu watasema." Nikamwambia, "Kaka, hilo ndilo jina la mbwa." Alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha akatoka uani, akasimama mbali, akamtazama Watasema muda mrefu.

Alikuwa hai, ila hakuwa na cha kumrudishia nyama mwilini. Mama alimgawia sahani yake kama kawaida. Homa ikaja. Nikaanza kusikia kupitia ukuta mazungumzo ya watu waliokuja kusalimia: mwanamke mwenzetu, mbwa aliyekatika bega si mbwa tena, mpe mtu amtulize. Mama alijibu, "Tutaona." Mimi kitandani nilikuwa nahesabu pumzi za mnyama aliyelala upande wa pili wa mbao.

Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani, mimi nimefungua duka kwa sababu hiyo ndiyo siku ya biashara. Nikaona watu barabarani wananyamaza mmoja baada ya mwingine. Mzee Ambokile alikuwa anapanda mteremko na koti lake la kanisani, na kichwani amebeba kikapu. Kule kwetu mwanamume habebi mzigo kichwani. Hubeba begani, au humpa mke wake, au mtoto. Mzee wa kanisa, mchana kweupe, kati ya waumini wenzake, alikuwa amejitwika kikapu kama mwanamke na shingo yake haijazoea, kikapu kinayumba. Watoto walitaka kucheka, mama zao wakawabana mikono. Akafika mlangoni, akakitua. Yalikuwa mahindi mabichi, ya kwanza ya shamba lake, ambayo nyumba yake ilikuwa haijayaonja. Hakusema neno, kama utaratibu unavyotaka. Mama Lusajo akatoka. Akakitazama kikapu, akamtazama mzee, na hakusema lile neno. Akageuka akaita uani kwa sauti yake ya jioni: "Watasema!"

Tulisubiri. Mzee alikuwa anatoka jasho. Halafu mbwa akaja kwa miguu mitatu, akijiburuta, mshono wangu mweusi umemkaa ubavuni, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie akapita mbele ya mlango wangu. Akanusa kikapu. Akainua pua, akanusa mkono wa Mzee Ambokile, akajilaza pale chini kati yao. "Mbwa amesikia," akasema Mama Lusajo. Mzee akainamisha kichwa. Kabla ya Jumapili iliyofuata vikapu vilikuwa vimejaa mpaka mbele ya meza yangu, wateja wakawa wanaviruka.

Hakukimbia tena kama zamani. Alikuwa anakaa juu ya shamba akisikiliza, na akibweka, wanaume walitoka mara moja, hakuna aliyesubiri. Alizaa mara moja baada ya hapo, na nyumba za mteremko ziligombea watoto wake. Mimi niliitwa Tukuyu kuolewa baada ya mavuno, na siku ya kuondoka nilimwekea kikapu changu mlangoni, cha pumba na dagaa. Mama alikitazama sana. "Huna shamba," alisema. Nikamwambia nimeshona mbavu zake, hilo ni shamba langu. Akakipokea.

Juzi nilipanda bodaboda kwenda kumzika. Mahindi yamepungua kule, sasa ni parachichi kila upande, na vijana hawajui njaa ya mbwa ni nini. Tuliposhuka kutoka makaburini chakula kikatolewa. Nilipewa sahani yangu mbali, ya wali, aliyepika ni mwanamke wa msikitini, yote yalikuwa yamepangwa. Uani nyuma ya jiko alikuwa amelala mbwa wa rangi ya udongo mkavu. Huenda ni wa ukoo ule, huenda macho yangu yalitaka iwe hivyo. Nikaenda nikachutama, nikamwekea nusu ya chakula kwenye gome la mgomba. Akala, na alipomaliza akanilamba mkono wote, vidole hadi kiganja. Nikabaki nimeunyoosha, sijui niuweke wapi.

Bupe alikuwa amesimama nyuma yangu na jagi la maji. Mkono mwingine ulikuwa na jani bichi la mgomba lililokunjwa, na ndani yake udongo mweusi. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Bibi alituambia zamani," alisema. "Alisema siku nikifa Hadija atakuja, na atakwenda kwa mbwa kabla hajala, kwa hiyo mmoja wenu akae karibu na maji." Akaanza kumimina. Kisha akasita, akanionyesha lile jani, kama mtu anayetaka kuhakikisha amefanya sawasawa.

"Nimeuchimba migombani, Shangazi," alisema. "Alisema udongo usitoke njiani."